Kabla ya pinde, Singida ipate fundi wa kamba

Septemba 15, 2025 jijini Tokyo, Alphonce Simbu alimkamata Mjerumani Amanal Petros kwenye mita za mwisho kabisa na kubeba dhahabu ya dunia ya marathoni. Wote wawili waliandikiwa saa 2:09:48. Kilichowatenganisha ni sekunde 0.03. Yaani mtoto wa Ikungi alikimbia kilomita 42 na ushei, halafu dunia ikaamuliwa kwa kitu kidogo kuliko kupepesa jicho.

Mkoa uliotoa mtu wa namna hiyo una haki ya kuwaza medali nyingine, nje ya mbio na nje ya soka la Singida Black Stars. Na mchezo mmoja unajileta wenyewe: upinde na mshale. Wilayani Mkalama, mkoa huohuo, wapo Wahadzabe ambao upinde kwao siyo mapambo ya ukutani. Halafu kuna habari ya Los Angeles 2028. Kwa mara ya kwanza Olimpiki itakuwa na kampaundi, ule upinde wenye vigurudumu kwenye ncha zake, kwa mashindano ya timu mchanganyiko. Timu yenyewe ni watu wawili tu, mwanamume na mwanamke. Hakuna benchi la akiba, hakuna basi la wachezaji 25.

Kwa hiyo siku yoyote atatokea mfadhili, au mbunge, au Mtanzania aliyeko ughaibuni, na kusema analeta kampaundi kumi kwa shule za Singida. Tuseme zinapelekwa Unyambwa, kata iliyo ndani ya Manispaa. Picha zitapigwa, watoto watavuta kamba, watu watapiga makofi. Miezi michache baadaye pinde zote zitakuwa zimelala stoo. Si kwa sababu watoto hawajui kulenga. Kamba zitakuwa zimewashinda.

Shabiki wa mpira ataelewa haraka akifikiria VAR. Mstari wa ofsaidi ni wa haki pale tu kamera zinapokuwa zimepimwa vizuri. Kamera ikisogea, mstari wote ni uongo, hata refa awe mtakatifu. Kwenye kampaundi kamera hiyo ni kidude kidogo cha duara chenye tundu, kilichobanwa katikati ya nyuzi za kamba. Wapiga mishale wanakiita pipu. Mchezaji akivuta, pipu inakuja mbele ya jicho lake. Anachungulia kwenye tundu, anaoanisha na duara la kioo cha mbele, kisha na shabaha. Ule upinde wa kawaida wa Olimpiki, aliotumia Mkenya Shehzana Anwar kule Rio 2016, hauruhusiwi kuwa na pipu. Kampaundi bila pipu haiendi popote.

Sasa hesabu. Kampaundi hupigwa kutoka mita 50. Duara la alama 10 lina upana wa sentimita 8, maana yake kutoka katikati hadi ukingoni ni sentimita 4. Kutoka kwenye pipu hadi kwenye kioo cha mbele ni kama sentimita 90. Pipu ikiteleza juu au chini kwa milimita 1 tu, na mchezaji asigundue, mshale wake unahama zaidi ya sentimita 5 kule kwenye ubao. Milimita moja! Kumi imeshaondoka, na kocha wa pembeni ataanza kumfokea mtoto kwamba mkono unatetemeka.

Paris 2024 fainali ya wanaume iliamuliwa kwa milimita 4.9, Mkorea Kim Woo-jin akimwacha Mmarekani Brady Ellison kwa mshale mmoja wa nyongeza. Na hao walikuwa wanatumia upinde usio na pipu.

Tatizo linalojitokeza mapema kuliko yote ni pipu kugeuka. Kamba ya upinde si uzi mmoja, ni nyuzi nyingi zilizosokotwa pamoja. Ukivuta, msokoto unajizungusha kidogo, na pipu inazunguka nao. Mchezaji anategemea kuona duara, anaona ufa mwembamba kama mlango uliorudishiwa. Kamba mpya ndiyo korofi zaidi, kwa sababu nyuzi zake bado zinavutika. Inabidi ipigishwe mishale mia moja na zaidi ndiyo itulie. Anayefunga kamba mpya Ijumaa na kwenda nayo kwenye mashindano Jumamosi amejichongea mwenyewe.

Dawa ya mtaani ni kuizungusha pipu kwa kidole. Hiyo inadumu mshale mmoja, labda miwili. Dawa yenyewe inaanzia kwenye kibanio, mashine inayokunja mikono ya upinde taratibu hadi kamba ilegee. Fundi anatoa ncha moja ya kamba kwenye gurudumu, anaongeza au kupunguza nusu msokoto, anairudisha, upinde unavutwa mara kadhaa, anaangalia. Ikibaki kidogo, anahamisha uzi mmoja kutoka upande huu wa pipu kwenda upande wa pili. Ikikaa sawa ndipo anaifunga kwa uzi mwembamba juu na chini isiteleze, na kuweka alama kwenye kamba ili kesho mtu ajue kama imehama. Na asizidishe misokoto, maana kila msokoto unafupisha kamba, kamba ikifupika vigurudumu haviendi tena kwa pamoja. Umetibu jicho, umeharibu goti.

Ipo njia ya zamani ya kufunga kimpira chembamba kinachoivuta pipu ikae sawa kila mtu anapovuta. Kinasaidia wanaoanza. Ila jua la Singida na mpira mwembamba si marafiki. Kitakauka, kitakatika, na kitakatika katikati ya mechi.

Kimo cha pipu nacho kina kipimo chake, na hiki hakihitaji mashine yoyote. Mchezaji anafumba macho, anavuta kama kawaida yake, anatuliza kichwa, anafumbua. Akilazimika kuinua au kuinamisha shingo ili aone tundu, pipu haiko mahali pake. Watoto wa urefu tofauti wakipokezana upinde mmoja, kama wanavyopokezana njumu kwenye UMISSETA, hakuna hata mmoja atakayelenga sawasawa.

Bila kibanio mtu atalegeza boliti za mikono kupita kiasi, na upinde uliokazwa kwa nguvu ukifumuka unaweza kumjeruhi. Mwingine ataachia kamba bila mshale, kuonyesha mbwembwe tu. Hapo mikono inaweza kupasuka papo hapo.

Wahadzabe hawana shida hii. Kamba zao wanazitengeneza wenyewe kwa kano za wanyama, na ikikatika mwenye upinde anajua la kufanya. Fundi na mchezaji ni mtu mmoja. Ndiyo maana upinde wao umedumu vizazi na vizazi. Anayedhani akiwapa kampaundi amewaongezea kitu ajiulize kamba ya kwanza ikichoka watampigia simu nani.

Afrika imeshaona mchezaji anavyoachwa peke yake. Israel Madaye wa Chad alifika Paris 2024 bila hata kinga ya kifuani, akakutana na Kim huyohuyo, na mshale wake mmoja ukaangukia kwenye alama 1. Dunia ilimpenda kwa moyo wake, sawa. Lakini alipoteza 6-0.

Wakubwa wa michezo, kuanzia Baraza la Michezo la Taifa hadi ofisi za mkoa, wakipelekewa ofa ya pinde wageuze mpangilio. Waombe kwanza kibanio kimoja, nyuzi za akiba, nta ya kamba na nafasi ya mafunzo kwa mafundi wawili. Na mafundi hao si lazima watoke Dar. Fundi baiskeli wa Unyambwa anayenyoosha ringi kwa kukaza spoku hii na kulegeza ile, robo mzunguko kwa robo mzunguko, ameshaelewa nusu ya somo. Fundi cherehani ana vidole vya kufunga uzi kwenye pipu. Wote wawili wapo, wana meza na wateja wao.

Wanaoanza wapewe pinde za kawaida zisizo na vigurudumu, ambazo kamba yake inavalishwa kwa mkono na ikichoka inabadilishwa palepale uwanjani. Kampaundi zije baadaye, kwa wale wachache walioonyesha jicho. Zikianza hata mbili, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, timu imeshakamilika.