Chora Kwenu Kwanza

Toleo hili lina hoja moja, nami nitaisema mapema ili msomaji ajue tunakoelekea. Mchoraji kijana anayeanza kazi hapa Simiyu aanze na yale anayoyajua kuliko mtu mwingine yeyote. Amchore mama yake. Auchore uwanja wa nyumba yao, shamba lao, kaburi la babu yake, kitanda alichougulia. Akishachora, tuipokee kazi hiyo kama kazi nzito, ya kutundikwa, kujadiliwa na kulipiwa. Tusiihesabu kuwa mazoezi ya mtu anayesubiri siku ya kuchora mambo ya maana.

Naandika nikiwa mhariri wa toleo hili, na pia nikiwa mchoraji kijana niliyekulia Dutwa. Natumia rangi za akriliki, na picha zangu nyingi ni za watu wa nyumba moja. Watu wanaonitakia mema wameniuliza mara nyingi kwa nini sichori simba, ilhali Serengeti iko jirani na wageni wanapita. Kurasa hizi ni jibu langu na la wenzangu.

Tazama kwanza jinsi Dutwa inavyojulikana nje. Ni kata ya Wilaya ya Bariadi, kwenye barabara itokayo Lamadi, karibu na Ziwa Victoria, kwenda Bariadi mjini. Mkoa wenyewe wa Simiyu ni mchanga. Ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza. Anayefuatilia habari zetu atakuta mambo mawili makubwa, pamba na nikeli. Habari za pamba huja kwa tani na kwa bei ya kilo, kwa kuwa Simiyu ni miongoni mwa mikoa inayobeba zao hilo nchini. Habari za nikeli huja kwa ramani: wanajiolojia wamevipima vilima vya Ngasamo na Wamangola, wamechoronga, wamechora tabaka za udongo na mwamba zilizo chini yake. Kazi zote mbili zina faida na sizibezi. Lakini mtu anaweza kuzisoma zote hadi mwisho asijue mwanamke wa Dutwa hukaaje anapochambua pamba yake.

Hukaa chini, miguu ameinyoosha, pamba imeanikwa mbele yake uani. Anatenganisha safi na fifi. Safi ni ile nyeupe, kavu, isiyo na majani wala takataka. Fifi ni iliyoingia madoa, iliyoguswa na mvua au kushambuliwa na wadudu. Bei ya mwisho wa msimu inategemea mikono hiyo. Mama yangu huifanya kazi hii huku akizungumza na jirani, wala haangalii anachoshika. Vidole vyake vinaijua fifi kwa kuigusa tu. Nilipotaka kumchora, nilimwomba ruhusa kwanza.

"Mayu, naomba nikuchore ukiwa hapo hapo ulipo."

"Na kanga hii ya shambani? Ngoja nikabadilishe, mwanangu. Watu wasije wakasema sina nguo."

"Hiyo hiyo ndiyo ninayoitaka, mayu."

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya. Ila usinichore fifi."

Sijapata mwalimu aliyenifundisha sanaa kwa maneno machache kuliko hayo. Mama hakuniomba nimpambe. Alikubali kanga iliyochakaa, alikubali vumbi la miguuni, lakini alikataa kuwekwa kwenye fungu la vilivyoharibika. Kuna picha nyingi za wanawake wa vijijini zilizotengenezwa ili mtazamaji awahurumie. Anayemchora mama yake mwenyewe hana ruhusa ya kufanya hivyo, kwa sababu atarudi kula nyumbani jioni na mama ataiona picha.

Picha ile pia ilinilazimisha kutazama. Kwa mbali pamba yote ni nyeupe. Ukiichora unagundua kwamba lundo lililo kivulini lina ubuluu ndani yake, la juani lina unjano, na fifi ina rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Ua la pamba nalo huchanua likiwa jeupe kama maziwa, kesho yake linageuka waridi, kisha linanyauka na kudondoka. Mkulima yeyote wa Dutwa analijua hilo tangu utoto. Mchoraji wa mbali atachora ua la rangi moja. Wa kwetu atachora shamba lenye maua ya jana na ya leo kwenye mche mmoja. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya kuchora kwenu: ukikosea, jirani atakusahihisha.

Niseme kidogo kuhusu rangi zenyewe, maana wasomaji wengi wamezisikia tu. Akriliki ni chembe za rangi zilizochanganywa na plastiki iliyosambaa kwenye maji. Zilianza kuuzwa kwa wachoraji huko Marekani katikati ya karne iliyopita. Maji yakikauka, plastiki hushikana, na hapo rangi haiyeyuki tena kwa maji. Rangi za mafuta huchukua siku kadhaa, pengine wiki, kukauka. Akriliki, kwenye kiangazi cha kwetu, ikipakwa nyembamba hukauka kwa dakika chache. Kuna adhabu yake: brashi ukiisahau imekufa, rangi iliyo kwenye sahani hugeuka ngozi kabla hujaitumia, na ukavu huishusha rangi, kwa hiyo lazima uichanganye ikiwa nyeupe kidogo kuliko unavyoitaka. Lakini kuna zawadi yake pia. Unaweza kupaka tabaka juu ya tabaka siku hiyo hiyo, na kubadili mawazo bila kuharibu ulichotangulia kuweka. Kwenye picha yangu ya uwanja wa nyumbani nilimchora baba akiwa amesimama mlangoni, nikamfunika kwa rangi ya ukuta, kisha nikamrudisha akiwa ameketi. Ukisogea karibu utaona ukingo wa bega lake la kwanza chini ya ukuta. Nimeuacha pale makusudi, kwa sababu ndivyo ninavyomkumbuka: sehemu mbili kwa wakati mmoja.

Wengi wetu hatununui kanvasi ya dukani. Tunanunua kitambaa cha amerikani, fundi seremala anatutengenezea fremu, tunakivuta na kukipigilia misumari, kisha tunakipaka rangi nyeupe ya maji, ile ile ya ukutani, mara mbili au tatu. Inafanya kazi. Bado inauma kujua kwamba kanvasi nzuri hufumwa kwa pamba, kwamba sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania husafirishwa nje ikiwa marobota baada ya kutolewa mbegu, na kwamba ikirudi imekuwa kanvasi ambayo kijana wa mkoa wa pamba hana uwezo wa kuinunua. Hilo ni suala la viwanda, na wanaohusika na viwanda walisikie.

Sasa nijibu pingamizi mbili ninazozisikia zaidi.

Ya kwanza ni soko. Nani atanunua picha ya mama yako? Wanaouliza hivi hunitajia Edward Saidi Tingatinga, nami namheshimu kama wao. Alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, akaenda Dar es Salaam kutafuta maisha, na mwaka 1968 akaanza kuchora juu ya vipande vya mraba vya hadibodi kwa rangi za kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972. Kwa miaka ile michache aliacha mtindo ambao ndugu na wanafunzi wake waliuendeleza, wakaunda ushirika mwaka 1990, na hadi leo unalisha familia nyingi. Lakini tuangalie alichofanya yeye. Hakukuta mtindo wa Tingatinga ukimsubiri. Alichukua rangi iliyokuwepo na ubao uliokuwepo, akachora kwa jicho lake. Kijana wa leo anayenakili chui wake anajifunza mkono, na kujifunza mkono ni jambo jema. Ila kumfuata Tingatinga kwelikweli ni kufanya alichofanya, yaani kuanzisha. Soko la mtu aliyeanzisha huchelewa kufika, lakini likifika linamtafuta yeye kwa jina lake.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Wapo wazee, na wapo wasomi, wanaosema kwamba kuchora maisha yako ni ubinafsi ulioletwa, kwamba sanaa ya Mwafrika ni ya jamii. Nawajibu kwa mambo ya hapa hapa Usukumani. Chama cha Bayeye, wacheza nyoka na waganga wa sumu zake, kilikuwa na michoro ukutani ndani ya nyumba zake, na Hans Cory aliichapishia kitabu mwaka 1953. Haikuchorwa kwa ajili ya mpita njia. Ilihusu waliokuwa ndani, na aliyefundishwa ndiye aliyejua kuisoma. Kwa hiyo picha ya watu wachache, yenye siri za watu wachache, si ngeni kwetu. Tazama pia ngoma zetu. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vinashindana tangu karne ya 19, na manju, yaani mtunzi na mwimbaji wa ngoma, anapoimba hujitaja jina, husema ametoka wapi, nani amemdhulumu, nani amemlea, amepata ng'ombe au amekosa. Hakuna anayemwita mbinafsi. Watu husafiri kwenda kumsikiliza kwa sababu ametaja lake hadharani, na kila msikilizaji akaona la kwake humo. Tunachodai kwa brashi ni ruhusa ambayo manju anayo siku nyingi kwa mdomo.

Nchi hii pia ina waliotutangulia. Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923 na kusoma Makerere, aliendelea kuchora maisha ya vijiji vya Kilimanjaro hata alipokuwa London. Picha yake ya watu wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku ilichukuliwa na Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York mwaka 1960, na mwaka uliofuata Tanganyika huru ikamfanya balozi wake wa kwanza Uingereza. Everlyn Nicodemus, mzaliwa wa Marangu wa mwaka 1954, alifanya maonyesho yake ya kwanza Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1980. Mwaka 1982, akiwa Sweden, alichora uso wake mwenyewe. Mwaka 2022 picha hiyo ilinunuliwa na National Portrait Gallery ya London, ikiwa picha ya kwanza ya mwanamke Mweusi aliyejichora kwa rangi kuingia katika hazina hiyo. Ilichukua miaka 40. Mmoja alichora vijiji vya kwao, mwingine alichora uso wake, na picha zao zikatunzwa na watu wasiowahi kufika Kilimanjaro.

Hata hivyo sitaki mtu aelewe kwamba picha ni nzuri kwa sababu tu ni ya nyumbani. Kuna picha za nyumbani zilizo mbovu, na tumezikataa kadhaa tulipokuwa tukiandaa toleo hili. Tuliangalia mambo matatu. Je, mchoraji ametazama, au amechora anachodhani kipo? Je, waliochorwa wameulizwa, hasa pale penye msiba, ugonjwa au ugomvi wa ndoa? Na je, mtu asiyeijua familia hiyo anaweza kusimama mbele ya picha akapata kitu? Huzuni yako haikupi ruhusa ya kuanika ya dada yako. Mchoraji wa maisha yake mwenyewe anahitaji adabu kuliko mwingine, kwa kuwa ameshika vitu ambavyo si vyake peke yake.

Ninayo maombi. Kwa vijana wenzangu: nyuma ya kila picha andikeni jina lenu, mahali, mwaka na jina la aliyechorwa ikiwa ameridhia. Picha isiyo na maandishi hayo itakuwa pambo tu baada ya miaka 30, na yenye maandishi itakuwa kumbukumbu ya mkoa. Kwa wazazi: mtoto akikuomba ukae akuchore, kaa. Kwa halmashauri zetu: sheria inawataka mtenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya vijana. Kikundi cha wachoraji kikileta andiko lililokamilika, lipimeni kwa vigezo vile vile mnavyovipimia vikundi vya bodaboda na ufugaji wa kuku. Na kuta za ofisi, zahanati na shule zetu zipo. Pangeni bajeti ndogo ya kununua kazi za wachoraji wa Simiyu, muwalipe kama mnavyomlipa fundi aliyepaka ukuta huo.

Kwako msomaji ninalo ombi moja tu. Picha zilizo katika kurasa zinazofuata ni za vijana walio hai, wanaofanya kazi, na wengi wao hawajawahi kuuza hata moja. Chagua iliyokugusa, mtafute aliyeichora, muulize bei, umlipe.