Meno Yao, Aibu Yetu

Kabla sijamgombeza mtu naomba nijishitaki mwenyewe. Riwaya yangu ya kwanza, ambayo mpaka leo imo kwenye madaftari matatu chini ya godoro, ina jambazi mmoja. Nilitaka msomaji amchukie tangu ukurasa anaoingia. Nikampa kovu shavuni, nikampa sauti ya kukwaruza, na kama hiyo haitoshi nikampa meno ya kahawia, meno ya mtu ambaye hajawahi kuuona mswaki. Nilijiona fundi kweli kweli.

Daftari la kwanza nilimpa mshikaji wangu ninayeuza naye nguo Mtaa wa Kongo. Yeye ni mtoto wa Arumeru, kaja mjini kutafuta kama sisi wote. Alikaa nalo siku mbili. Aliponirudishia hakusema hadithi ni nzuri wala mbaya. Aliniuliza tu, “Kaka, huyu jambazi wako kazaliwa wapi?” Halafu akacheka, na alipocheka akaziba mdomo kwa kiganja kama afanyavyo siku zote. Miaka miwili nimemwona akiziba mdomo na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Sababu ni sisi. Pale kijiweni tumempa majina yote. Eti mla tumbaku, eti mswaki kwao haujafika. Jamaa mwenyewe anapiga mswaki asubuhi na usiku, na wengi wetu tunaomcheka usiku tunalala hivyohivyo.

Sasa sikilizeni ukweli ambao nimeujua nikiwa nimeshachelewa. Meno yale yameharibiwa na mawe, si uchafu. Kaskazini ya nchi yetu, kuanzia miteremko ya Meru na Kilimanjaro mpaka Ziwa Natron na Oldoinyo Lengai, kuna miamba na majivu ya volkeno yenye floraidi nyingi. Mvua inanyesha, maji yanazama, yanapita katikati ya miamba ile na kuichukua floraidi. Yangekuwa na kalisi ya kutosha, ile iliyomo kwenye chokaa, kalisi ingeikamata floraidi nyingi na kuifanya igande. Lakini maji ya huko mara nyingi yana magadi mengi na kalisi haba, kwa hiyo floraidi inabaki humohumo majini, kutoka kwenye mwamba hadi kisimani, kutoka kisimani hadi kwenye ndoo ya mama. Haionekani kwa macho wala hainuki. Ukiyachemsha maji haiondoki. Maji ndiyo yanapungua, yenyewe inazidi kukolea. Mtoto akiyanywa wakati meno yake bado yanajijenga ndani ya ufizi, yatatoka na madoa ambayo hakuna mswaki wa kuyafuta. Anayekunywa yaliyokolea sana kwa miaka mingi anaweza kupinda mifupa.

Je, haya yaligunduliwa jana? Hata! Mwaka 1984 wanasayansi, Nanyaro na wenzake, walichapisha utafiti wao juu ya maji ya kaskazini. Walikuta mito yenye floraidi miligramu 12 hadi 26 kwa lita, chemchemi zenye 15 hadi 63, na madimbwi na maziwa ya magadi yenye 60 hadi 690. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi 1.5. Na hata kabla ya hapo serikali ilikuwa inajua, kwa maana mwaka 1974 Tanzania iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa maji ya vijijini. Kiwango hicho kikaja kushushwa hadi 4, na ni miaka ya karibuni tu kimefika 1.5.

Naomba nieleweke. Sisemi walioandika 8 walikuwa makatili. Wangeandika 1.5 mwaka ule, visima vingi vingefungwa na watu wangebaki na ndoo tupu, na kiu inaua upesi kuliko floraidi. Ninachogomba ni kwamba watu walipewa maji bila kupewa habari za maji yenyewe. Mama wa Arumeru angeambiwa kwa lugha yake kwamba mtoto mdogo apewe maji ya mvua pale yanapopatikana, angekuwa na la kuchagua.

Habari hizo ziliandikwa, tena nyingi mno. Tatizo zimeandikwa kwa Kiingereza, kwenye majarida ya wanajiolojia yanayochapishwa Ulaya na ripoti zinazolala kwenye kabati za ofisi. Mtafiti anakwenda kijijini, anaongea Kiswahili kizuri na mwenyekiti, anachota maji kwenye chupa kwa Kiswahili, anaaga kwa Kiswahili. Akifika mezani kwake, Kiswahili kinakufa. Aliyemchotea maji hatapata kujua chupa yake ilisema nini.

Mtaniambia Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Huo ni uvivu uliovaa miwani. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Mwalimu Nyerere alimfanya Shakespeare aongee Kiswahili mwaka 1963, na akarudia tena 1969. Kama Kaizari wa Roma anaweza kuuawa kwa Kiswahili, maji ya Maji ya Chai yanashindwa nini kuelezwa kwa Kiswahili?

Na wewe unayesoma hapa Kariakoo usijidanganye kwamba haya ni ya watu wa bara. Wiki iliyopita nilipita wanakouza magadi, yale mawe ya kijivu tunayotia kwenye maharage na kisamvu yaive upesi. Nikamsalimu mama muuzaji, “Shikamoo mama.” “Marahaba mwanangu.” “Haya magadi yanatoka wapi?” Akanitazama. “Mwanangu, unanunua au unahoji?” Pembeni yangu dada mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa ananunua fungu la pili.

Magadi ni chumvi ya ardhi inayobaki maji yakikauka, na maji yakiwa na floraidi, magadi nayo yanaweza kubaki nayo. Katika miaka ya 1990 watafiti wa meno, Mabelya na wenzake, walichunguza watoto ambao maji yao hayakuwa na floraidi nyingi, lakini meno yao yalikuwa na madoa. Wakaonyesha kwamba magadi ya chunguni yana mkono wake. Basi jiwe la kaskazini linapanda lori, linashuka Kariakoo, linaingia kwenye chungu cha Buguruni. Sisi watu wazima meno yetu yameshakomaa. Je, yule wa mgongoni?

Wala usiseme nchi hii haina uwezo wa kushughulikia mawe. Huko huko kaskazini, Mererani, ndiko pekee duniani inakochimbwa tanzanaiti, iliyogunduliwa mwaka 1967. Mwaka 2018 tulizungushia machimbo yale ukuta wa kilomita 24.5 ili jiwe lisitoroke. Sina ugomvi na ukuta. Mali ya nchi ilindwe. Lakini jiwe la pete tukalijengea ukuta, na jiwe linalokula meno ya watoto hata karatasi mbili za Kiswahili hatujalibandikia kila ofisi ya kijiji! Na dawa si kwamba haipo. Ngurdoto, Arumeru, kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi, na njia yao inayojulikana ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe: maji yanapita kwenye mkaa, mkaa unainasa floraidi. Mifupa ya ng'ombe, ndugu zangu, si almasi ya Mwadui.

Kwa hiyo nadai mambo mawili. La kwanza kwa wasomi: kila utafiti wa maji na miamba uache kijijini kurasa mbili za Kiswahili, na zisomwe kwa sauti kwenye mkutano wa hadhara. Kiingereza chenu endeleeni nacho, wenzenu wa Ulaya nao wasome, lakini aliyechotewa maji aambiwe kwanza.

La pili ni kwetu vijana tunaojiita waandishi. Tunagombania mapenzi ya jiji, madenti na mashuga dadi, halafu tukikosa la kumpa mhusika tunachukua kilema cha mtu na kukifanya tabia yake. Mwandishi asiyejua maji ya kwao mhusika yanatoka mwamba gani anaandika uongo, hata kama sarufi yake imenyooka. Msiniambie mawe ni ya wanajiolojia. Mimi nimeishia kidato cha nne na kemia nilipata sifuri, lakini haya nimeyaelewa kwa sababu mtu mmoja alikaa chini akanieleza polepole kwa Kiswahili. Nani mwenye kazi ya kueleza watu polepole kwa Kiswahili kama si sisi?

Daftari nimelitoa chini ya godoro. Jambazi sasa ana meno meupe pee, na kusema kweli anatisha zaidi. Yupo pia kijana mpya, mtoto wa Arumeru, ambaye ndani ya hadithi anacheka bila kuziba mdomo. Sijui kama nimempatia. Mshikaji wangu ndiye atakayesoma kwanza, kabla ya mhariri yeyote.