Mtoto mchanga akitoka povu, mkimbizeni hospitali

Wapo watoto wanaozaliwa umio likiwa limekatika, halifiki tumboni. Mtoto hutoka mate yenye povu yasiyokwisha. Akinyonya hupaliwa na kugeuka rangi ya buluu. Ukiona hayo, usimpe ziwa wala usimfanyie tahniki kwa tende, muwahishe hospitali. Ugonjwa huu una tiba: kuunga umio kulifanikiwa Marekani mwaka 1941.

Utafiti uliochapishwa 2021, katika hospitali 264 za nchi 74, ulihusu kasoro za kuzaliwa za tumbo na njia ya chakula, hii ikiwemo. Nchi maskini walifariki watoto 40 hivi katika kila 100; nchi tajiri, 6 hivi. Basi tusisingizie jicho la hasidi tukamchelewesha mtoto, na serikali nazo ziwasomeshe madaktari wa upasuaji wa watoto.