Wasichana watano si kosa la mama

Kwetu tuko wasichana watano. Mimi ni wa nne. Nilikuwa na miaka saba siku kitinda mimba wetu alipoletwa nyumbani. Jirani aliingia, akapewa chai, akafunua blanketi, kisha akamwambia mama kwa sauti ya matanga: "Pole sana." Pole ya nini sasa? Mtoto alikuwa na afya, kilo tatu na ushee, analia kama king'ora. Ila alikuwa msichana.

Kama umekulia hapa Eldoret, au Turbo, Moiben, Ziwa ama pale Kapsabet, hiyo pole unaijua. Na unajua huwa haiji peke yake.

Baba zetu wadogo walimkalisha mzee chini wakamwambia shamba lake halina mwenyewe. Mama akaanza kuzungushwa: leo dawa za mitishamba, kesho maombi ya usiku kucha, mara asile hiki, mara alalie ubavu ule. Mwishowe mzee akaoa mke wa pili. Huko nako, msomaji wangu, mtoto wa kwanza akawa msichana. Wa pili, msichana.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokosekana, kwa hivyo sijaja kujifanya daktari. Lakini hii ni baiolojia ya shule ya upili, ile tuliyokariri tukapita mtihani, kisha tukaiacha getini. Karibu kila seli ya mwili wako ina kromosomu 46, yaani jozi 23. Jozi moja ndiyo huamua jinsia. Mwanamke ana X mbili, mwanamume ana X moja na Y moja. Yai la mama hubeba X, halina kingine cha kutoa. Mbegu za baba, takribani nusu hubeba X na nusu hubeba Y. Ya X ikifika kwanza, msichana. Ya Y ikifika kwanza, mvulana. Basi. Mwanasayansi Mmarekani, Nettie Stevens, aliliona jambo hili mwaka 1905 akichunguza mbegu za wadudu wa unga. Zaidi ya miaka 100 imepita na bado kuna mama anayefukuzwa kwake kwa kosa la kutozaa mvulana.

Sisi Wakalenjin hesabu hii tunaibeba kwenye majina. Mtoto akizaliwa alfajiri, mvulana ataitwa Kipkoech, msichana Chepkoech. Alfajiri ni ile ile, mama ni yule yule. Kinachobadilika ni pale mwanzo wa jina tu. Ndani ya seli ni hivyo hivyo: kati ya kromosomu 46, tofauti ni moja.

Sasa, dada zangu, msikimbie kumgeuzia mzee kidole. Ni kweli baba ndiye anayebeba Y, lakini hachagui mbegu gani itangulie. Kila mimba ni kurusha sarafu upya, na sarafu haikumbuki ilivyoanguka jana. Chukua familia 16 zenye watoto wanne kila moja: tarajia moja hivi iwe na wasichana watupu, na nyingine wavulana watupu. Hakuna aliyelaaniwa hapo. Na mtoto wa tano akija, bado ni karibu nusu kwa nusu. Kwa hivyo wale dada zetu wa nyumba ya pili hawathibitishi kwamba mzee wangu ana kasoro. Kinachomwondolea mama lawama ni lile yai lenye X peke yake, na lingemwondolea hata kama mke wa pili angezaa wavulana kumi.

Na zile kalenda za kupanga mvulana ambazo watu hutumiana kwenye simu? Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo baada ya kufuatilia wanawake 221 waliokuwa wakitafuta mimba. Siku ya tendo haikuonyesha uhusiano wowote na jinsia ya mtoto. Pesa ya kalenda nunua unga.

Lakini tuseme ukweli, hii vita si ya kromosomu. Ni ya shamba. Wazee wetu wa Nandi walilijua hilo hata wakaliwekea mpango: mama asiye na mtoto wa kiume aliweza kuoa mwanamke mwenzake, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake na warithi mali yake. Si hadithi za kale tu. Mwaka 2011 Mahakama Kuu kule Mombasa ilitambua ndoa ya namna hiyo katika kesi ya urithi. Yaani mvulana alitafutwa kwa sababu mlango wa mali ulikuwa wake peke yake.

Sasa huo mlango ulishafunguliwa, tena hapa hapa kwetu. Kuna kesi ya Rono dhidi ya Rono. Mzee mmoja wa Uasin Gishu alifariki mwaka 1988 bila wosia, akaacha ekari 192 na wake wawili. Nyumba moja ilikuwa na wavulana na wasichana, nyingine wasichana pekee. Mahakama Kuu ikawapa wavulana kipande kikubwa zaidi, kwa hoja kwamba wasichana wataolewa waende. Kesi ikapanda. Aprili 2005, Mahakama ya Rufaa iliyoketi Eldoret ikakataa hoja hiyo: Sheria ya Urithi, inayotumika tangu 1981, inasema watoto, haijasema wavulana. Katiba ya 2010 ikaja kuongeza msumari.

Basi niulize: kama msichana anarithi, huyo mvulana anayevunja ndoa za watu anatafutwa wa kazi gani? Jina la ukoo? Jina halilimi mahindi. Na ukisubiri mahakama iwatetee binti zako, utakuwa umewaachia vita na gharama za mawakili. Mzee, andika wosia ungali hai.

Kuna lingine linalonikera. Tunahangaika na jinsia, ambayo hatuwezi kuichagua, huku tukiacha urithi ambao tungeweza kuujua mapema. Mtoto huchukua nusu ya jeni kwa mama na nusu kwa baba, na nyingine hujificha kizazi kizima. Ndiyo maana mama wa damu A na baba wa damu B wanaweza kupata mtoto wa damu O, kama kila mmoja amebeba O iliyojificha. Usimwite mtu malaya kwa sababu mtoto amerudi kwa nyanya yake.

Kujificha huko ndiko kunakoleta selimundu, ule ugonjwa watu huita sikoseli. Ukibeba jeni yake moja, kwa kawaida huumwi, na hata inakukinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana imeenea zaidi Nyanza, Magharibi na Pwani. Lakini wawili wanaoibeba wakizaa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa: maumivu ya mifupa, kuongezewa damu, wodi kila mara. Na Eldoret ya leo ni ya wote. Langas, Huruma, Munyaka, unakuta Mkalenjin ameoa Mluhya, Mjaluo ameoa Mkikuyu. Raha tupu. Lakini kwenye koito wazee wataulizana ukoo na mnyama wa ukoo hadi mursik iishe kwenye kibuyu, na hakuna atakayeuliza, "Hawa watoto wamepima damu?"

Wazee waliuliza ukoo ili ndugu wasioane. Walielewa kwamba damu hubeba mambo. Sisi tuna maabara, tumebaki na swali la zamani pekee. Kwa hivyo wewe na mpenzi wako, kabla ya kukodisha mahema na spika, nendeni mkapime. Majibu si lazima yavunje uchumba. Yanawapa nafasi ya kupanga mkiwa macho.

Mama yangu hakuwahi kuombwa msamaha na mtu. Nilipomweleza hii habari ya X na Y, aliendelea kuchambua managu, kisha akauliza, "Na baba yako anajua?" Nikamwambia nitamwambia. Nimeandika hapa kwa sababu kumwambia usoni bado sijaweza, na najua tuko wengi.

Wewe ukiweza, ongea na wako. Na ukienda kumwona mtoto mchanga wikendi hii, beba maziwa, beba sabuni. Hiyo pole iache kwako.