Hesabu na Uhai wa Visiwa Vyetu

Mwaka 2023 Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa Marekani na Mfuko wa Simons, ulioasisiwa mwaka 1994 na mwanahesabu James Simons pamoja na mkewe Marilyn, ilikubaliana kutoa dola milioni 50 kwa muda wa miaka mitano, nusu kwa nusu, ili ianzishwe mjini Chicago taasisi ya kuwakutanisha chini ya paa moja wataalamu wa hesabu na wataalamu wa elimu ya viumbe. Kazi hiyo ilikabidhiwa kwa vyuo vikuu viwili, cha Northwestern na cha Chicago. Huenda mwananchi wa Makunduchi au Micheweni akauliza: jambo la huko mbali latuhusu nini sisi? Tunasema latuhusu, tena zaidi kuliko wengi wetu wanavyodhani.

Tuanze na malaria. Mwaka 1897 Ronald Ross, daktari wa Kiingereza aliyekuwa akifanya kazi India, alithibitisha kwamba kijidudu cha maradhi hayo hukua ndani ya mbu. Wakatokea waliosema kuwa ugunduzi huo hauna faida, maana hakuna awezaye kuua mbu wote. Ross alishika kalamu akapiga hesabu, akaonyesha kwamba hapana haja ya kuua mbu wote. Wakipungua hadi kufikia kiwango fulani, kila mgonjwa huwa anaambukiza chini ya mtu mmoja, na maradhi hufifia yenyewe.

Katika miaka ya 1950 George Macdonald aliiendeleza hesabu hiyo. Kijidudu huhitaji kiasi cha siku kumi ndani ya mbu kabla mbu huyo hajaweza kuambukiza. Ikiwa kila siku mbu 90 katika 100 hubakia hai, basi baada ya siku kumi watabakia kama 35. Dawa ya ukutani ikiwafanya wabakie 70 tu katika 100 kila siku, basi baada ya siku kumi watabakia watatu. Hiyo ndiyo sababu ya nyumba zetu kupigwa dawa ndani: kumfupishia mbu umri kuna faida kubwa mno kuliko jicho lionavyo.

Visiwa hivi vimejifunza somo hilo kwa gharama. Kampeni ya kutokomeza malaria iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 iliyateremsha sana maradhi. Iliposimamishwa mwaka 1968, malaria ilirudi kwa nguvu. Wagonjwa walikuwa wamepungua, lakini mbu na mazingira yake walikuwa pale pale. Dawa ilipoondoka, mbu alirudishiwa umri wake, na kila mgonjwa akaanza tena kuambukiza zaidi ya mtu mmoja. Anayetazama idadi ya wagonjwa peke yake huiona kazi imekwisha, hali anayepiga hesabu huona kwamba imesimamia nguzo moja tu.

Mfano wa pili ni mbung'o. Edward Knipling, mtaalamu wa wadudu wa Marekani, alikokotoa kwamba madume waliohasiwa kwa mionzi wakiachiwa kwa wingi kuwashinda madume wa porini, uzazi hupungua kizazi baada ya kizazi hadi ukatike. Kati ya mwaka 1994 na 1997, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, madume zaidi ya milioni 8 waliolelewa Tanga walimwagwa kwa ndege juu ya Unguja. Mwaka 1997 kisiwa kilitangazwa kuwa hakina mbung'o tena, na ng'ombe wetu wakaokoka na nagana.

Mfano wa tatu ni wa mwaka 2009, ambapo watafiti walitumia kumbukumbu za simu za mkononi, bila majina ya wenyewe, kukadiria namna malaria inavyoingia Zanzibar kutoka Bara. Walikuta kwamba wasafiri wengi huenda Dar es Salaam kwa siku chache, na kwamba hatari kubwa imo katika kundi dogo la wanaokaa muda mrefu kwenye mikoa yenye malaria nyingi. Ujuzi wa namna hiyo humwonyesha ofisa wa afya pa kuelekeza nguvu zake.

Lakini hapa ndipo penye dukuduku letu. Maradhi yalikuwa yetu, safari zetu, na wataalamu wa Mpango wetu wa Malaria walishiriki. Ila walioongoza hesabu walikuwa katika chuo cha ng'ambo. Mwaka 2025 USAID, lililogharamia kwa miaka mingi sehemu ya kazi ya malaria nchini, lilifungwa, na Serikali ya Marekani ikapendekeza kupunguza kwa zaidi ya nusu bajeti ya ule Mfuko wa Taifa wa Sayansi. Pendekezo si uamuzi, kwani Bunge lao ndilo lenye kauli ya mwisho. Hata hivyo onyo tumelipata. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Watakuwapo watakaosema kwamba nchi yenye upungufu wa madawati haina fedha za kumlisha mwanahesabu. Hoja hiyo yastahili jibu. Hatuombi dola milioni 50, wala hatuombi hata kidonge kimoja kitolewe hospitali. Mwanahesabu hahitaji maabara ya fahari. Ahitaji mshahara wa uhakika, kompyuta na takwimu sahihi, na takwimu zimo makabatini mwa wizara za afya, kilimo na uvuvi.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kiwe na kitengo kidogo cha hesabu za viumbe, kinachogharamiwa na bajeti ya kawaida ya Serikali badala ya kungojea mfadhili. Pili, wizara zifungue makabati yao kwa kitengo hicho, siri za wagonjwa zikilindwa. Tatu, kila mradi wa kigeni unaotumia takwimu zetu uache nyuma yake kijana wa visiwani aliyefunzwa kuirudia hesabu ile peke yake.

Waliosoma chuoni wanajua kwamba mafungu ya mirathi hayagawiwi kwa kukisia. Anayekisia humdhulumu mrithi. Afya ya wananchi nayo ni haki, na kuigawa kwa kukisia ni dhulma vile vile. Wakati wa bajeti ijayo Waheshimiwa Wawakilishi na waliila swali hili: tutaendelea kuhesabiwa na wengine hadi lini?