Ile namba ya asubuhi ni makadirio tu

Nimekuwa kimya wiki mbili. Nilikuwa Kitale kwa dada yangu, na nimerudi hapa Bungoma na hasira kidogo. Hasira na programu ya simu! Jina lake sitalitaja, maana zenye kosa hilihili ni nyingi.

Mwezi wa Mei, palizi ikiwa imepamba moto, dada aliweka kwenye simu programu ya kupunguza uzito. Ikamwuliza umri, urefu, kilo, kisha ikamwuliza kama anafanya mazoezi. Akajibu hapana. Haendi jimu, hakimbii barabarani... analima tu. Ikamwandikia kalori 1,077 kwa siku, naye akaifuata kama dawa ya daktari. Siku ya tisa aliketi chini katikati ya mistari ya mahindi, magoti yanatetemeka, jasho baridi linamtoka. Watoto wakamkimbizia uji.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, kwa hiyo nilitaka kujua 1,077 imetoka wapi. Haikuwa siri. Programu nyingi za aina hii hutumia fomula ya Mifflin na St Jeor, iliyochapishwa mwaka 1990. Chukua kilo mara 10, ongeza sentimita za urefu mara 6.25, toa umri mara 5, halafu mwanamke anatoa 161 (mwanamume anaongeza 5). Dada ana kilo 70, sentimita 160, miaka 45. Inakuja 1,314. Hiyo ndiyo nishati ambayo mwili wake ungetumia hata akilala kitandani kutwa.

Mpaka hapo sina ugomvi. Sasa tazama hatua inayofuata: namba hiyo inazidishwa kulingana na kitufe ulichobonyeza. Anayekaa tu anazidishiwa 1.2, mwenye kazi nzito 1.725. Dada aliwekwa kwenye 1.2, ikaja 1,577, zikatolewa 500 za kupunguza uzito, zikabaki 1,077. Angebonyeza kitufe cha kazi nzito ingekuja 2,267 kabla ya kutoa chochote. Yaani tofauti ya vitufe viwili ni kalori 690, kubwa kuliko zile 500 zenyewe! Yeye alidhani anajinyima 500 kumbe huenda alikuwa anajinyima karibu 1,200, na jembe mkononi. Simu yenyewe ilibaki nyumbani kwenye chaji, kwa hiyo hata hatua zake hazikuhesabiwa.

Halafu programu haikuwa na kikomo cha chini. Zipo zinazokataa kushuka chini ya 1,200 kwa mwanamke. Hiyo ni mistari miwili ya msimbo, jamani.

Wala siapi kwamba 2,267 ndiyo sahihi. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadza wa kaskazini mwa Tanzania, watu wanaotembea sana wakiwinda na kuchimba mizizi. Ukizingatia ukubwa wa mwili, nishati waliyotumia kwa siku haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya. Kwa hiyo kile kizidisho nacho ni cha kukisia. Kinachoniudhi ni kwamba kisio linaonyeshwa kama salio la benki, hadi tarakimu ya mwisho. Kwa nini isiandikwe "kati ya 1,500 na 1,900"?

Upande wa chakula ni vilevile. Ukitafuta "ugali" unapewa namba moja, wakati ugali wa dada ni mgumu kama tofali na wa jirani ni laini. Ushauri wangu: pima unga, usipime ugali. Gramu 500 za unga wa mahindi zina takriban kalori 1,800, na maji hayaongezi kitu. Mkiwa wanne mkagawana sawa, kila mmoja amekula 450. Na nyinyi wenzangu waandishi wa programu, serikali ya Kenya na FAO walitoa jedwali la vyakula vya Kenya mwaka 2018. Litumieni!

Kama programu ingekuwa yangu, ningeuliza "kutwa unafanya kazi gani?" badala ya mazoezi. Kisha baada ya wiki tatu ningeitazama mizani. Kilo zikishuka haraka kuliko ilivyotarajiwa, fomula ndiyo imekosea, na lengo lipande lenyewe bila mtu kuanguka shambani kwanza.

Kwa sasa nimemwekea dada 1,800, anajipima kila Jumapili asubuhi, na wiki za kulima nimemwambia aifunge kabisa. Jana amenipigia kuuliza kama ule uji wa watoto aliusajili au la. Hakuusajili.