Usahaulifu Unaorithiwa

Si kila usahaulifu huletwa na uzee. Katika milima ya jimbo la Antioquia, nchini Kolombia, zipo jamaa ambazo mtu huanza kupotewa na kumbukumbu akiwa na umri wa miaka 44 hivi, na afikapo miaka 49 huwa hawezi tena kujisimamia. Huo ni umri ambao mama bado analea na baba bado anatafuta riziki. Wenyeji waliyapa maradhi hayo jina la kipumbavu, na wako waliodhani kuwa ni laana.

Katika miaka ya 1980, daktari Francisco Lopera wa mji wa Medellín alianza kuzifuatilia jamaa hizo kijiji kwa kijiji, akiandika nasaba zao. Ikabainika kuwa huo ni ugonjwa wa Alzheimer wa aina adimu, utokanao na kosa moja katika jeni iitwayo presenilini 1. Mzazi akiwa nalo, kila mtoto wake, wa kiume au wa kike, ana nafasi nusu kwa nusu ya kulirithi.

Ndani ya ubongo, kwa usawa wa masikio, kila upande una sehemu ndogo iitwayo hipokampasi, iliyopewa jina la farasi wa baharini kwa umbo lake. Hapo ndipo mambo mapya hupitia ili yahifadhiwe. Mashine ya sumaku huonesha jinsi sehemu hiyo inavyosinyaa. Kwa picha ya aina nyingine, mtu hudungwa dawa yenye mnururisho hafifu, inayonata kwenye protini zilizoharibika. Kwa njia hiyo imeonekana kuwa protini ya kwanza, amiloidi, huanza kurundikana kwa warithi wakiwa na miaka 28 hivi. Ya pili, tau, huzivamia sehemu za kumbukumbu miaka kadhaa kabla ya usahaulifu kudhihirika.

Mwaka 2019 wataalamu walieleza habari za mama mmoja wa jamaa hizo, aliyerithi kosa lile lakini akasalimika hadi umri wa miaka sabini na kitu. Picha zilionesha amiloidi tele ubongoni mwake, ila tau ilikuwa chache. Alikuwa na badiliko jingine la jeni, adimu mno, alilorithi kwa wazazi wote wawili, nalo ladhaniwa kuwa ndilo lililomkinga. Tangu hapo watafiti wanatafuta dawa ya kuiga kinga hiyo, kwani dawa iliyojaribiwa kwa watu 252 wa jamaa hizo haikufaulu, kama ilivyotangazwa mwaka 2022.

Katika jaribio hilo washiriki hawakulazimishwa kujua iwapo wana kosa lile. Hata wasiokuwa nalo walidungwa sindano isiyo na dawa, ili siri isifichuke. Twaona hapo pana hekima. Binti wa miaka 20 akiambiwa habari kama hiyo, posa yake, uzazi wake na usingizi wake vyote hubadilika. Ni haki yake kuchagua kujua au kutojua, na si haki ya jirani kumtangazia.

Nasi tusijitie hofu bure. Aina hii ya kurithiwa ni chini ya mgonjwa 1 katika kila 100 wa Alzheimer. Lakini mtu asiyefikia miaka 60 akianza kusahau njia ya nyumbani au kurudia swali lile lile, apelekwe hospitali kabla ya kutafutiwa mchawi. Upungufu wa vitamini B12, maradhi ya tezi la shingo, huzuni nzito na baadhi ya dawa huweza pia kuleta usahaulifu, na hayo yana tiba. Na yule ambaye hana tiba bado anastahiki kuitwa kwa jina lake na kujibiwa kwa upole, hata akiuliza mara ya kumi.